Sauti ya Chipsi

Tangu mafuta ya kupikia yaache kuuzwa kwa kibali cha serikali, kila Jumamosi pikapu ya kibanda cha chipsi huegeshwa mbele ya meza yangu ya mitumba, sokoni Sumbawanga, spika mbili juu ya paa. Mtangazaji wake hasemi neno kabla hajafuta maikrofoni kwa leso na kuigonga mara mbili kwa ukucha. Kisha huinua kipande cha chipsi kama mwalimu anayeonyesha chaki. “Ugali wa ulezi tuwaachie mababu! Chipsi na soda, ndiyo maisha! Shikamoo bibi, pita hapa!” Watoto humeza mate. Kipande chenyewe hakili. Hukirudisha kwenye karatasi, na baada ya dakika tano hukiinua kile kile, kimeshanyauka.

Juzi, saa saba mchana, aliweka maikrofoni mapajani akasahau kuizima, akachungulia dirishani kumwita Mama Rozina, mama ntilie wa jirani. Soko zima likasikia: “Mama, niwekee ugali wa ulezi na maharage, kama kawaida. Hizi chipsi nikizila, kiungulia hakinipi usingizi.” Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Foleni ya chipsi ikahama yote, ikajipanga kwa Mama Rozina. Mtangazaji naye akashuka akicheka kuliko sisi, akasimama nyuma kabisa. Zamu yake ilipofika, Mama Rozina alikuwa anakwangua sufuria.

“Ugali umekwisha, baba,” akamwambia. “Umeutangaza vizuri mno. Nenda kale chipsi.”