Tanga Lililoshonwa Kama Pazia

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, wala hakununa, maana jina lenyewe alilitolea jasho. Miaka thelathini ameshona mapazia ya maofisi, ya zahanati, ya vyumba vya maharusi, na ukimwambia pazia lake limepeperuka mbele za watu, umemtukana. Kwake yeye pazia ni kitu cha kutulia. Ndiyo maana katika kila pindo alificha vipande vya risasi viwe uzito, akapitisha cherehani juu yake mara tatu.

Mwenye mikono hiyo alikuwa na ulimi pia, na ulimi ndio uliomponza. Siku bintiye alipoacha kazi ya benki ili atengeneze filamu, mama alisema mbele ya wageni, "Nimesomesha weee, kumbe mtu mzima bado anacheza baba na mama!" Wageni wakacheka. Binti hakucheka. Tangu siku hiyo, mwaka wa pili sasa, alikuja kama kawaida, akaosha vyombo, akapanga dawa za presha mezani, lakini neno lolote la kumfikia mama yake lilipitia kwa mwanawe wa kike wa miaka minane. "Mwambie bibi yako chai iko tayari." Na bibi yuko hapo hapo, wamegusana mabega! Heshima zote alipewa. Neno "Mama" tu ndilo alilonyimwa, nalo lilimuuma kuliko magoti.

Basi siku moja mjukuu akaingia dukani mbio. "Bibi, mama anaomba tanga! Tunatengeneza filamu ya familia inayosafiri kwa mashua angani, inaufuata mwezi uliotoroka. Mimi ndiye nahodha!"

"Mashua mmeipata wapi nyie?"

"Ni kile kitanda cha zamani. Baba amekipigilia mbao."

Moyo wa Mama Pazia ukaruka. Ameombwa! Akaweka kando kazi za wateja, akatoa kitambaa cheupe alichokuwa akikitunza, akashona siku tatu: bitana, marinda, pindo la kukata na shoka. Alikuwa anaomba radhi kwa sindano, tuseme ukweli, kwa sababu kwa mdomo alikuwa ameshindwa.

Siku ya kupiga picha wakapandisha kitanda juu ya paa la ghorofa wanamoishi binti na mumewe, ili nyuma yake ionekane mbingu tupu. Kamera ilikuwa ya kuazima, ya siku moja, jioni irudi kwa mwenyewe. Mkwe, mtu mpole ambaye kazi yake ni kupima watu macho, alijipaka masizi akawa zimwi la mawingu. Tanga likapandishwa. Feni ikawashwa.

Tanga tuli. Likaning'inia, marinda yamejipanga, utadhani linasubiri mkurugenzi aingie. Wakaongeza feni ya pili. Wapi! Mama Pazia akakumbuka zile risasi: kwa mazoea alikuwa amezishona humo pia.

Binti akatazama jua, akatazama tanga. "Mwambie bibi yako ni zuri sana," akamwambia mtoto, kwa sauti ya mtu anayejizuia kulia.

Hilo ndilo lililomkata Mama Pazia maini. Afadhali angegombezwa. Akachukua mkasi aanze kufumua, lakini nyuzi zake mwenyewe zikamgomea, na jua halikuwa na muda wa kumsubiri mtu. Akautupa mkasi.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako bibi amekosea. Na si tanga peke yake. Hata yale maneno ya mbele ya wageni, bibi alikosea." Kisha akavua viatu, akapanda kitandani nyuma ya tanga, akatandaza mikono, akalisukuma kwa kifua na viganja mpaka likatuna. "Haya, pigeni picha! Msinichoshe!"

Binti akainamia kamera, akapangusa jicho, akaanza kazi. Dhoruba ya filamu ilipokuja, Mama Pazia alitikisika mwili mzima. Mawingu yalipotulia, akalegeza viwiko. Magoti yalilia, hakutoka. Kutoka upande wa pili alisikia sauti tu: "Upepo, ongeza! Upepo, shoto kidogo!" Upepo, si Mama. Akaongeza hivyo hivyo, mpaka jua likazama.

Baada ya mwezi wakakusanyika dukani kwake mchana kweupe, maana hakuna chumba kilichojua giza kama kile, mapazia yakishafungwa. Filamu ikachezwa ukutani. Mashua ikakata mawingu, nahodha akapiga kelele, zimwi likatimua mbio, na tanga, jamani, tanga lilikuwa linapumua. Mama Pazia aliitambua kila pumzi.

Mwisho majina yakaanza kupanda. Nahodha. Zimwi. Fundi wa mashua. Kisha mstari mmoja ukasimama peke yake. Mama Pazia akamgusa mjukuu. "Pale pameandikwa nini?"

Mtoto akafungua mdomo. Mama yake akamwekea mkono begani kumzuia.

"Pameandikwa 'Upepo: Mama'," binti akasema, akimtazama mama yake usoni. "Ni wewe, Mama."

Miwani ilikuwa puani kwa Mama Pazia muda wote, na herufi zilikuwa kubwa kama milango.

"Sijasikia vizuri," akasema. "Rudia."

"Ni wewe, Mama."