Daktari Nusu na Mtu wa Nyundo

Mtaani walimwita Daktari Nusu, na yeye hakukataa. Hakung'oa meno, hakudunga sindano, hakuandika dawa. Alitengeneza meno ya bandia tu, katika chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la betri za magari. Ukichungulia dirishani unaona paa za bati, nyaya za umeme zilizosokotana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, na barabara ya njia sita isiyojua kunyamaza. Kiti cha wateja alikinunua kwa kinyozi aliyefunga kazi. Ukutani, rafu nne zilijaa taya za plasta za watu wa jiji zima, kila moja na namba yake. Majina ya watu aliyasahau kabla hawajafika mlangoni. Meno yao, kamwe. Angekutana na mteja baada ya miaka sita, mtu amenenepa, amefuga ndevu, lakini akicheka tu fundi anadakia, "Mia mbili na kumi na tisa! Habari za siku nyingi?"

Mwaka huo jiji lilikuwa na mtu aliyeitwa Nyundo. Alivizia kwenye ngazi za majengo marefu, mchana kweupe, mahali lifti ni mbovu na taa zimeibwa. Alipiga kwanza, akaomba baadaye. Mpiga chapa wa jengo la jirani alivunjwa shavu, jicho likapotea. Nesi mmoja alitoa mkoba wake bila ubishi, na bado akavunjwa kiwiko. Watu wakaanza kupanda ngazi kwa makundi kama waendao harusini, ila hakuna aliyeimba.

Jumanne moja, saa saba mchana, akamfikia mama mkwe wa fundi.

Bibi huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, na mikono yake ilikuwa imekoroga masufuria ya wanafunzi mia nane. Alikuwa akipanda kwa binti yake, ghorofa ya tano, chupa ya chai ya chuma mkononi. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, nyundo ikamshukia begani. Mfupa wa mtulinga ulikatika na akausikia mwenyewe, "kama kuni kavu," alivyosimulia baadaye. Hakupiga yowe. Alizungusha chupa kwa mkono uliobaki, ikatua usoni mwa yule mtu, puani na mdomoni. Mtu akamkaba koo. Bibi akauma mkono uliomkaba, akauma kama aliyeshinda njaa siku tatu. Nyundo alipojinasua kwa nguvu, mkono ulitoka na meno yake yote ya bandia ya juu, yakaruka, yakapasukia ukutani. Kisha akamsukuma teke, na bibi akashuka ngazi tisa kwa mgongo.

Fundi alimkuta hospitalini, uso umevimba upande mmoja, midomo imezama ndani. Kati ya mkwe na mama mkwe kulikuwa na adabu kubwa. Kwa miaka kumi na minne hawakuwahi hata kutazamana sana. Lakini meno yale alimtengenezea yeye, na vidole vyake vilikuwa vimeingia kinywani mwa mama mkwe mara nyingi kuliko vya mtu mwingine yeyote aliye hai, jambo ambalo wote wawili walikubaliana kutolitaja.

"Nisamehe, baba," bibi alisema kwa shida. "Meno yako yamevunjika."

"Acha hayo, Mama. Ulimwona?"

"Kofia na kitambaa. Sura sikuiona. Lakini nimemvunja meno ya mbele, nimeyasikia yakidondoka. Na nimemuuma hapa." Akagusa mkono wake juu kidogo ya kifundo.

"Na lile jino la upande, nalo limemuuma?"

"Kwani nililiacha nyumbani?"

Jino hilo lilikuwa na historia yake. Fundi alipomtengenezea meno, aliyapanga yakanyooka kama askari kwenye gwaride. Bibi akayatema mkononi. Jino lake mwenyewe la kushoto lilikuwa limelala upande tangu usichana, na marehemu mumewe alilipenda hilo kuliko mengine yote. "Nikienda bila hilo, hatanijua huko aliko." Basi fundi akalilaza upande, huku akinung'unika.

Alikwenda kituo cha polisi. "Afande, huyu mtu ana alama ya meno mkononi, na jino moja limelala upande. Hakuna kinywa kingine namna hiyo jiji zima. Na hana meno ya mbele."

Sajini akamtazama kutoka juu ya tumbo lake. "Kwa hiyo nikamate vibogoyo wote? Nianze na baba yangu mzazi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka kidogo, kwa adabu tu, akatoka nje. Njiani akawaza. Hospitalini, mtu mwenye uso uliovunjwa huulizwa maswali na kudaiwa karatasi ya polisi. Sura unaweza kuificha, lakini kula lazima ule. Mtu huyo angetafuta fundi kama yeye, na mafundi wa aina yake jijini walikuwa wanne. Akawazungukia watatu wenzake kuwaonya. Wawili wakaahidi kumwarifu. Wa tatu, mshindani wake wa siku zote, akasema, "Mimi akija namtengenezea. Mteja ni mteja."

Wahenga walimpa mwizi siku arobaini. Huyu alikuja siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, mfuko begani, kitambaa mdomoni. Aliamkia vizuri kabisa.

"Nimeanguka na pikipiki, fundi."

"Pole sana, kaka. Kaa."

Pua ilikuwa imevimba na kukaa kombo. Alipumua kwa mdomo kama aliyepanda mlima. Meno manne ya mbele yalikuwa yamekatika, yamebaki visiki vyenye ncha. Fundi alimwomba akunje mikono ya shati, kwa kuwa plasta haitoki kwenye nguo. Akakunja wa kulia.

"Na huo mwingine."

"Huu uache."

"Shati zuri hilo, kaka."

Akaukunja nusu. Palikuwa na tao la vidonda saba vyenye usaha, na cha kushoto kimelala upande.

"Umeumwa na mbwa?"

"Mbwa, ndiyo. Mkali sana."

Kwa kazi ya kuchukua vipimo fundi alikuwa na unga laini unaoganda kama mpira na kutoka kwa urahisi. Siku hiyo hakuugusa. Alichukua plasta yenyewe, ya taya za rafuni, akaikoroga kwa maji ya moto na chumvi ili ishike upesi, akajaza trei ndogo ya umbo la taya hadi pomoni. "Fungua sana. Zaidi. Sasa uma, usitikisike." Plasta ikazunguka vile visiki na kuanza kupata moto, kama inavyofanya ikigeuka jiwe. Fundi akahesabu kimoyomoyo hadi mia, akaenda dirishani, akamwita muuza betri aliye chini.

"Ita polisi! Nyundo yuko kwangu!"

Mtu yule akainuka. Alitaka kutukana, ikatoka sauti ya ng'ombe. Akavuta trei, haikutoka. Akachomoa nyundo mfukoni na kupiga rafu, na taya za jiji zima zikamwagika sakafuni. Fundi alijikinga nyuma ya meza, mkono wa kushoto ukabaki juu yake, na nyundo ikashuka kwenye vidole viwili. Alipiga kelele ambayo muuza betri alisema ilisikika hadi ng'ambo ya barabara. Pigo la pili lilimkosa kichwa, likatoboa mlango wa kabati. La tatu halikufika. Mdomo ulikuwa umezibwa, pua haikupitisha hewa, na nguvu zikamwisha mtu yule kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Akapiga magoti, macho yamemtoka, akikwaruza plasta kwa kucha.

Fundi alisimama akimtazama. Baadaye alikiri kwamba alitazama muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Kisha akaokota ile nyundo kwa mkono mzima, akampiga mdomoni. Plasta ikapasuka, hewa ikaingia kwa mluzi. Halafu akampiga tena.

Sajini alifika akihema, akaukuta mkono wenye vidonda, akaupima na taya ya plasta ya bibi, yenye jino lililolala upande, ambayo fundi alimwelekeza ilipo, chini ya kiti. Safari hii hakucheka. Nyundo alihukumiwa miaka kumi na minane.

Jioni ya siku ile aliyokamatwa, fundi, mkono umefungwa, alikaa kando ya kitanda cha mama mkwe.

"Ulimpiga ngapi?"

"Mbili, Mama. Ya kwanza ilikuwa ili apumue."

"Na ya pili?"

Fundi akatazama chini.

"Mimi ningeongeza ya tatu," bibi akasema, kisha, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne, akalia. Mkwe wake akamshika mkono, adabu ikakaa pembeni.

Vidole vya fundi havikunyooka tena. Mkewe aliacha kazi yake ya kushona akakaa benchi la mumewe, akajifunza kusugua meno kwa tupa. Baada ya miezi mitatu alikuwa anamshinda, na alikuwa hachoki kumwambia.