Mwendawazimu wa Mwanahamisi

Watu wa siku hizi wakisikia kwamba mtaa wetu wa Lubunga ulimtunza mwendawazimu, husema zamani watu walikuwa na moyo mzuri. Moyo mzuri wapi. Mimi Clémence, niliyeishi ukuta mmoja na Mwanahamisi, nilikuwa wa kwanza kusema yule kijana afungwe kwenye gogo, kama walivyofungwa wagonjwa wa kichwa kwetu Yanonge. Hadi leo sioni kwamba nilikosea sana.

Alitokea mwaka ule baada ya jeshi kuwafukuza waasi mjini. Jina lake Faustin, mtu wa Isangi, na zaidi ya hapo hakuweza kujieleza. Alitembea na kopo la maji ya mto, akinyunyizia vizingiti vyetu mlango kwa mlango. Hilo tungelivumilia. Lakini akisikia lori tu, alikimbilia uani kwa Mwanahamisi, akasimama wima nyuma ya ua na kupiga kelele, "Mai! Mai!" Hicho ndicho kilio cha waasi walipokwenda vitani, wakiamini kwamba maji ya mganga wao yanazuia risasi. Askari waliovuka mto na baki, kile kivuko cha magari, hawakuuliza kama mtu ni mzima au mgonjwa. Aliyetamka neno hilo aliuawa, na nyumba iliyomficha ilichomwa. Hospitali nayo ilikuwa ng'ambo, na njia ya kufika huko ilipita katikati ya askari haohao.

Mwanahamisi alilikataa gogo. Alikuwa mjane, au ndivyo tulivyodhani. Mumewe Abdulhamid, karani wa reli, alichukuliwa na waasi asubuhi moja kabla hajamaliza chai yake, kwa kosa la kuvaa tai na kujua kuandika. Hakurudi, na maiti yake haikuonekana. Waislamu wenzake walimshauri akae eda na kumsomea marehemu, yaishe. Akawajibu kwamba hawezi kumlilia mtu asiyejua amelala wapi. Akaendelea kukaanga mikate yake alfajiri na kuiuza kituoni, na kila abiria aliyeshuka kutoka Ubundu alimuuliza habari za mumewe. Tulimhurumia, kisha tukachoka, maana huruma nayo ina mwisho.

"Musimufunge," alituambia. "Muniachie, nitamulisha."

Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo nyumba nyingine nazo zikashika zamu. Huyu anampikia, yule anamwogesha, na Papa Yakubu, fundi cherehani, anamlaza dukani kwake na mchana kumshikisha ncha ya kitambaa. Faustin akishika kitambaa mikono yake iliacha kutetemeka. Mimi nilimpikia kwa kununa, lakini chumvi sikumpunja.

Siku moja lori lilipita Mwanahamisi akiwa anatwanga pondu. Faustin akaanza. Mwanahamisi akauinua mchi juu na kuupiga kwa nguvu zake zote, nami ng'ambo ya ukuta nikadaka wangu bila kufikiri, na nyumba ya tatu ikafuata. Askari walipita, wakasikia wanawake wanatwanga majani ya muhogo, basi. Tangu hapo ikawa sheria ya mtaa: akilia Faustin, kinu cha Mwanahamisi kinaanza, vyetu vinaitikia. Mara nyingi tulitwanga kinu kitupu. Hata Papa Yakubu alinunua kinu, tukamcheka mpaka akakasirika. Mimi nilimlaani Faustin kwa kila lengelenge la kiganja changu.

Ila kulikuwa na jambo lililoninyima raha. Kila jioni Mwanahamisi alikaa karibu na yule kijana, akimuuliza kwa upole alikotoka, aliokuwa nao, aliyoyaona. Na kuna siku Faustin alijibu kwa sauti isiyokuwa yake. Niliisikia mwenyewe kupitia ukutani, sauti ya mtu mzima, mpole, anayekohoa kidogo kabla ya kusema. Nilimjua karani aliyekuwa akikohoa hivyo. Nikaingia ndani na kufunga mlango. Ndipo nilipoelewa. Sisi tulimwita Mwanahamisi mtakatifu, kumbe mwenzetu alikuwa anawinda habari za mumewe.

Mchana mmoja nilikuwa uani kwake, tunachambua pondu. Faustin aliweka kopo lake chini, akamtazama kwa macho matulivu, akamwita, "Bi Moshi."

Majani yalimwanguka Mwanahamisi. Lilikuwa jina la chumbani, alilopewa na mumewe kwa ajili ya moshi wa mafuta uliokaa nguoni mwake. Hata mimi jirani sikuwa nalijua. Akamuuliza amelitoa wapi.

"Kwa papa karani," Faustin alisema. "Aliniomba maji ya kutawaza kwa sala mbele hawajamuua. Mimi ndiye nilikuwa nabeba maji ya muganga. Nikamunyima, juu ya vile walituambia mutu mwingine akiigusa, nguvu ya maji inaisha." Akalitazama kopo lake. "Akatawaza na mavumbi. Akasema, mumwambie Bi Moshi asingoje."

Mwanahamisi akamuuliza amelala wapi. Faustin akaonyesha mto kwa kidevu.

Hapo hapo tukasikia lori linapanda kutoka kwenye baki. Faustin akasimama wima, akaanza kilio chake. Kinu kilikuwa miguuni pa Mwanahamisi, mchi umo ndani, naye hakusogea. Mtaa mzima ulikuwa kimya, unamngoja yeye. Niliutazama uso wake nikajua anachotaka, na Mungu anisamehe, hata mimi nilikitaka. Lori lilipunguza mwendo.

Akaushika mchi. Alitwanga kama mwenye mashetani, machozi yanamwagika ndani ya kinu, na vinu vya mtaa vikaitikia vyote kwa pamoja. Faustin akaanguka chini, neno likamkatika, akabaki analia tu. Askari mmoja alichungulia juu ya ua, akauliza kuna nini humu.

Mwanahamisi alimjibu kwamba ni matanga ya mume wake. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Askari akamwangalia Faustin anavyogaagaa, na kwenye matanga nani halii? Akavua kofia, akaondoka.

Lori lilipokwisha kupita, Mwanahamisi aliingia ndani akatoka amevaa nguo nyeupe za eda. Akaniomba nimchukue Faustin nyumbani kwangu, maana mwanamke wa eda hakai na mwanamume asiye wake. Nilimwambia namchukua nimtupe mtoni, alikotupwa Abdulhamid.

"Yaya Clémence," aliniita kama dada yake mkubwa, "mimi sina kaburi. Niko na huyu."

Nilimwinua Faustin, nikampangusa vumbi usoni kwa kitenge changu, tukatoka.