Vikombe Ishirini na Tatu vya Koplo Mwanzia

Mwanzia alikuwa dereva wa trakta kwa shamba ya kahawa hapa Ruiru. Mkamba mrefu, ametoka jeshi na cheo ya koplo, na mpaka leo sijui nani alimdanganya achukue kazi ya kuongoza klabu ya vijana bila mshahara. Jumamosi mchana, badala ya kulala kama watu wengine, anafungua holi ya mabati ya kijiji anatungoja. Mimi alinipa filimbi nikuwe msaidizi wake. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa napigana sana na alitaka mahali pa kuniweka.

Shida yetu ilikuwa mpira. Tulikuwa na ya matambara, na ikinyeshewa ukipiga kichwa unaona nyota. Sasa mwaka wa 1957 ofisi moja ya mambo ya vijana kule Thika ikamtumia sanduku. Ndani kulikuwa na kamba tatu, kitabu cha kufundisha viongozi wa klabu, na fomu. Barua ilisema hivi: jaza hesabu ya vijana wako, rudisha kabla mwezi uishe, utaletewa vifaa vya kuwatosha.

"Vifaa ni mpira," Mwanzia akasema. "Ni nini ingine?"

Hicho kitabu alikisoma wiki nzima akiwa juu ya trakta. Kilisema kiongozi mzuri anajua hesabu ya watu wake. Hiyo alielewa, ni kama jeshi. Jumamosi akatupanga laini.

"Kila mtu aseme namba yake. Anza huku."

Kila mtu akaangalia mwenzake. Akafikiri hatujasikia, akaanza mwenyewe na kidole. Mimi moja. Mwingine mbili. Alipofika tano, msichana anaitwa Ngendo akatoka kwa laini mbio, na wengine wote nyuma yake.

Kwetu Wakikuyu mtu hahesabiwi. Ukihesabu watu ni kama unaita kitu ije iwapunguze. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na mwalimu alituambia hayo ni maneno ya bure. Lakini kile kidole kiliponigusa, nilirudi nyuma hatua moja. Nikakasirika, na sijui nilikasirikia nani.

"Kagwe, wamekwenda wapi?"

"Si wewe umewafukuza."

"Mimi? Nimesema tano peke yake."

Kabla nimjibu, mama yake Ngendo akafika. Huyo ni Gathoni, muuza uji wa pale kwa geti ya kijiji, mfupi, na haogopi mtu.

"Wewe Koplo, nani alikutuma uhesabu watoto wangu?"

"Mama, ni maneno ya mpira."

"Mpira. Siku ile ya msako tulipangwa laini hapa na askari, Gachanja wangu alikuwa namba kumi na nne. Akapandishwa lori. Huu ni mwaka wa tatu hajarudi. Kwani alienda kucheza mpira?"

Nilitaka kumwambia huyo mama uoga wake utatunyima mpira. Lakini Gachanja alikuwa rafiki yangu.

"Ngendo harudi hapa," Gathoni akasema, akaenda.

Tulipobaki wawili, Mwanzia akakaa chini. "Hata kwetu Ukambani ng'ombe hatuhesabu ovyo," akaniambia pole pole. "Mimi jeshi ilinihesabu kila asubuhi, miaka sita. Nikasahau."

Wiki hiyo yote alikunywa uji kwa Gathoni, akiwa ameinamisha kichwa. Siku ya nne akamwona anaosha vikombe huku anavitaja: kumi na moja, kumi na mbili.

"Mama, si hapo unahesabu watu wako?"

"Watu gani? Vikombe ni vikombe."

Jumamosi ikaja, kila mtu, vile Mwanzia alituambia, akatoka kwao na kikombe, akaweka kwa meza, akaenda nje. Gathoni alikuja mwenyewe na sufuria ya uji, Ngendo nyuma yake. Mwanzia akahesabu vikombe. Ishirini na tatu. Pale fomu imesema "vijana", akakata na kalamu, akaandika "vikombe 23".

"Andika vijana, bwana," nikamwambia. "Nani ataona?"

"Nikiandika watu nimewahesabu. Na huyu mama amerudisha mtoto wake."

Tulingoja wiki sita. Sanduku ilipofika ilikuwa nzito, tukaibeba watu wanne tukiimba. Mwanzia akaifungua na bisibisi. Vikombe vya bati, vyeupe na mdomo wa buluu. Ishirini na tatu.

Nikapiga ile sanduku teke, kidole cha mguu kikaumia. Nilitaka kumlaumu mtu. Koplo? Ofisi? Gathoni? Kila nikimshika mmoja naona si yeye. Wengine walikuwa wameanza kucheka, na kila mtu amechukua chake.

Gathoni akamimina uji akizunguka, mpaka akafika kwa Mwanzia. Hana kikombe. Siku ile hakuweka chake kwa meza. Gathoni akatoa kimoja kwa kikapu, cha udongo, kimevunjika mkono.

"Shika. Hiki hakuna mtu amekihesabu."

Mimi nikapiga filimbi, tukatoka nje na ile mpira yetu ya matambara. Nikiangalia nyuma nikamwona Koplo amekaa kwa mlango, uji mkono mmoja, kitabu mkono mwingine, anafungua kurasa akitafuta pale wameandika vikombe.