Kaka Alinibadilisha kwa Mtumbwi wa Rubisi

Admin, nifichie jina, ingawa mzee yeyote wa Muleba atanitambua akifika aya ya pili. Nina miaka sabini na tisa, nimefiwa na mke, na mjukuu ndiye anayenichapia. Someni mpaka mwisho ndipo mnicheke.

Enzi za ujamaa nilikuwa mtangazaji wa mpira wa kijiji chetu, upande wa Maruku. Sikusomea. Nilijifunza kwa kusikiliza redio ya ofisi ya ushirika, kisha nikasimama juu ya meza na kipaza sauti cha betri. Timu yetu hata ikifungwa, kwangu ilikuwa imeonewa tu. Watu walikuja kunisikiliza mimi. Mpira waliutazama kwa adabu.

Wapinzani wetu, kijiji kimoja cha Muleba, walikuwa na mtangazaji aliyetaja mabao kama anasoma majina ya marehemu. Walikuwa pia na mtumbwi wa kukanyagia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, uliochongwa na babu yetu. Babu aliwaazima kwa harusi, haukurudi. Kaka yangu, mwenyekiti wa kijiji chetu, aliona aibu kila alipotaka kutengeneza pombe ya wageni akalazimika kuomba mtumbwi wa jirani.

Siku moja tulicheza kwao. Mwenyekiti wao akamwambia kaka mbele yangu, "Ndugu Mwenyekiti, tupeni huyu mdomo, chukueni mtumbwi wenu."

Nikacheka. Kaka hakucheka. Aliuliza, "Haujapasuka?"

Jumatatu nikasomewa uamuzi: nahamia Muleba kwa manufaa ya ujenzi wa taifa.

"Kaka, hata kuniuliza?"

"Mtumbwi nao haukuulizwa."

Nikaenda na mke mjamzito. Kubisha wakati ule kulikuwa kuitwa mpinga maendeleo. Tulipocheza na kwetu mara ya kwanza, watu niliozaliwa nao wakapiga kelele, "Wewe Rubisi! Umeshachacha?" Nikawatangazia mabao matatu waliyofungwa, kwa sauti nzuri kabisa, kisha nikaenda kulia nyuma ya choo.

Mwaka uliofuata kaka akapanda kahawa kwenye sehemu yangu ya kibanja, shamba la migomba la ukoo wetu. Eti mwenyewe amehama. Mke wangu nimemzika Muleba, kwenye ardhi ya watu wema wasio ukoo wetu.

Sasa wiki iliyopita kaja mtoto wa kaka. "Baba mdogo, mzee hatainuka. Anasema hataki kuzikwa na watu wasiojua kuongea. Uje umsifu msibani. Akishazikwa, sehemu yako ya kibanja unarudishiwa, pamoja na mahali pa kaburi lako."

"Na nikisema ukweli?"

Akatazama viatu vyake. "Baba mdogo, mzee kasema umsifu."

Ninyi wa mijini huenda hamjui: kwetu, ukizikwa nje ya kibanja cha ukoo, wajukuu wako hawana pa kuita kwao. Nikienda, wanangu wanapata kwao, ila nitakuwa nimesimama kaburini nikimwita mwema mtu aliyenitoa kama chombo cha jikoni. Nikikataa, nitalala ugenini milele, tena kwa kiburi changu mwenyewe.

Na lililo baya kuliko yote, nimeshaanza kuitunga hotuba. Ni nzuri. Jana nilijisomea sehemu yake, machozi yakanitoka.

Nipeni akili, wanangu: niende nikaiseme, au nimwache azikwe kimya? Jibuni upesi, maana kaka hamezi tena hata uji.