Chunusi Juu ya Mdomo

Wateja wake walimwita Redio, naye hakuchukia. Alikuwa msusi kwa miaka kumi na minne, katika chumba chenye vioo viwili na viti vitatu, na tangu anapofungua mlango asubuhi hadi anapofagia nywele jioni, mdomo wake haukupata likizo. Vidole vikisuka, ulimi unasimulia: nani kahamia wapi, posa ya nani imekataliwa, sabuni ipi inachubua mikono. Mtu aliingia na nywele timutimu, akatoka na kichwa safi na habari za mtaa mzima.

Jumatano moja aliamka akahisi kitu kinamdunda juu ya mdomo, karibu na tundu la pua. Kiooni akaona chunusi nyekundu, ngumu, haijatoa kichwa. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Chunusi alidhani aliagana nazo shuleni.

"Usiiguse," alisema mama mkwe wake, mkunga mstaafu, akiwa mezani na kikombe chake cha chai. "Hapo kati ya pua na mdomo si pa kuchezea."

"Sawa, mama," akaitika Redio kwa adabu zote. Kisha akaingia bafuni, akafunga mlango, akaiminya kwa kucha mbili.

Hakikutoka kitu ila machozi. Akapaka dawa ya meno, kwa kuwa shoga yake mmoja aliapa kwamba hukausha chunusi kwa siku moja. Ikawasha kama pilipili. Alhamisi asubuhi mdomo wa juu ulikuwa umevimba upande mmoja, ngozi imebabuka, na kila neno lenye "m" lilimchoma kama sindano. Na mtu ataongea nini bila "m", ikiwa hata "mimi" inazo mbili?

Mama mkwe alimkalisha karibu na dirisha, akavaa miwani. "Uliiminya."

Redio akatazama sakafu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umevimba mdomo tu, ushukuru."

Hakumgombeza zaidi. Alichemsha maji, akayaacha yapoe hadi mkono uyavumilie, akachovya kitambaa safi, akakikamua, akamwambia akiweke juu ya uvimbe dakika kumi, mara nne kwa siku, mikono ikiwa imeoshwa. Kuminya marufuku, na dawa ya meno ibaki kwenye mswaki. "Ukipata homa, au uvimbe ukipanda kuelekea jichoni, tunakwenda hospitali siku hiyohiyo. Na mwanangu, pumzisha mdomo."

Jumamosi alifungua saluni hivyohivyo, na chupa ya maji moto mkobani. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mkimya aliyekuja kila baada ya wiki mbili kwa miaka tisa. Redio hakuwahi kusikia kutoka kwake zaidi ya "habari", "sawa" na "ahsante". Leo alimwonyesha uvimbe kwa kidole. Mwalimu akampa pole, akaketi. Wanawake wawili wakangoja kwenye benchi.

Chumba kikawa kimya mpaka chanuo likasikika. Nusu ya kichwa ilipokamilika, mwalimu akakohoa.

"Dada, nina jambo lako la siku nyingi. Sikuwahi kupata pa kuchomeka neno."

Redio akasimamisha vidole.

"Unasuka vizuri sana, lakini unabana. Nikitoka hapa, mpaka Jumatatu kichwa hakigusi mto. Wanafunzi wanadhani nimekasirika, kumbe ni nyusi tu zimevutwa juu."

"Hata mimi," akasema muuza vitambaa kwenye benchi. "Huwa nameza dawa ya maumivu kabla sijaja."

"Mimi hufumua mbili za mbele nikifika nyumbani," akaongeza jirani yake, "halafu nakudanganya kwamba zimefumuka zenyewe."

Redio alitaka kujitetea. Maneno yalishapanga foleni, lakini alipofumbua mdomo tu, maumivu yakamrudisha. Akabaki na chanuo mkononi, uso umemwiva kwa aibu. Akakumbuka nyuso zilizokunjamana kiooni miaka yote, ambazo yeye alidhani zinasikitikia visa vyake. Kicheko kikampanda. Alishika shavu kukizuia, kikatokea puani. Kikamuuma, akazidi kucheka, na wenzake wakacheka naye mpaka wakafuta machozi.

Alifumua alizokwisha kusuka, akaanza upya kwa mkono mwepesi. Kila mstari alimgusa mwalimu begani kuuliza. Katikati ya kazi mwalimu akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kutumbua chunusi siku ya kuamkia usaili wa kazi, akaenda na plasta puani, na mkuu wa shule hakumwuliza swali hata moja lisilohusu pua.

Jumatatu chunusi ilitoa kichwa. Jumanne, chini ya kitambaa cha uvuguvugu, ikapasuka yenyewe bila kushurutishwa, mama mkwe akapasafisha, likabaki doa dogo jeusi. Habari zilizolundikana wiki nzima zikatoka kwa mkupuo, ila sasa msusi alikuwa akikatiza kisa na kuuliza, "Hapo vipi?" Kisha anangoja jibu.

Mwalimu aliporudi baada ya wiki mbili, Redio alikuwa amefika patamu pa kisa cha mpangaji aliyehama na mlango wa watu, alipoona kichwa cha mteja wake kimeinama upande. Mwalimu alikuwa amelala fofofo. Redio akawakonyeza waliokuwa kwenye benchi, akashusha sauti, akaendelea kusuka taratibu.