Ngozi za Skii za Wifi Yangu

Hapa mtaani kwetu Mabawa, Tanga, hakuna anayeniamini. Nikisema nimewahi kupanda mlima wa theluji, jirani zangu hunitazama magoti, kisha usoni, kisha hubadilisha mazungumzo. Siwalaumu. Mimi ni mtu wa kujifunga kanga mbili ikipiga mvua ya masika, na umri wangu si wa kuchezea barafu. Lakini nilipanda, tena nilipanda baada ya kufanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yananiwaka.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Norwe. Alikwenda kusoma, akaoa huko, akapata binti mmoja. Wifi yangu alikuwa mwenyeji wa kule, mwanamke mrefu mwenye kicheko kikubwa. Alipokuja Tanga mara ya kwanza alikataa kukaa kitini kama mgeni. Alikalia mbuzi, akakuna nazi mpaka akajikwaruza vidole, na jioni ile ile mama yetu akatangaza kwamba huyu ni wetu. Maradhi yalimchukua haraka, binti yake akiwa na miaka kumi na miwili. Sikuwahi kumzika, na hilo lilinikaa rohoni.

Watu wa kule, ikifika Pasaka, huhama miji wakaenda milimani na jamaa na marafiki. Wengine huenda kwenye miteremko iliyosawazishwa, yenye mitambo ya kuwapandisha. Wifi alikuwa na dharau kidogo na hiyo. Yeye alipenda kupanda kwa miguu yake, kwa muda wa saa tatu hata nne, mpaka mahali ambapo theluji imelala laini kama sembe na hakuna aliyeikanyaga, kisha ateremke nayo kwa dakika kumi. Mdogo wangu, mtoto wa pwani ya Tongoni, alijifunza kwa mapenzi tu. Aliwahi kuniambia kwamba baridi haipendi na kuanguka hakupendi, ila mkewe alikuwa anapendeza akiwa kule juu. Tangu mama yake afariki, binti hakugusa tena skii. Ikapita Pasaka moja, na ya pili ilipokaribia baba yake alimsihi. Akajibu kwamba atakwenda kama shangazi yake atakuwepo. Basi shangazi akatafuta koti akaenda.

Skii ni mbao mbili nyembamba, ndefu, zinazofungwa kwenye viatu. Kuteremkia ni rahisi, wanasema wao. Kupandia ndiko kazi, kwa sababu zinateleza. Kwa hiyo huzibandika chini mikanda mirefu wanayoiita ngozi. Upande mmoja una manyoya yaliyolalia nyuma, yanakubali kwenda mbele na kukataa kurudi. Upande wa pili una ulimbo wa kushika ile mbao. Haya yote niliyajua baadaye. Ningeyajua mapema, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Tulifikia nyumba ndogo ya mbao huko mlimani, sisi watatu pamoja na rafiki wa wifi, mwalimu mwenzake, ambaye ndiye alikuwa kiongozi wa njia. Siku ya pili wenzangu walitoka kwa miguu kwenda kuchimba mashimo kwenye theluji, kutazama kama imeshikana au inaweza kuporomoka na watu. Mimi nikabaki. Nilipika, nikafagia, nikafagia tena. Kukaa bure siwezi, mikono inaniwasha. Ndipo nikaziona ukutani skii za wifi, ambazo sasa ni za binti kwa kuwa amekifikia kimo cha mama yake, na ngozi zake mbili zimetundikwa kando. Zilikuwa zimekakamaa, zimejaa vumbi na vinyuzi, na upande mmoja unanata kwa uchafu.

Nikasema moyoni, jamani, hawa watu hawajui kutunza ngozi. Marehemu baba yetu alikuwa na ngoma za harusini, na kazi yetu watoto ilikuwa kuzipaka ngozi zake mafuta ya nazi zisipasuke. Nikachemsha maji, nikatia sabuni, nikakwangua ule uchafu kwa kisu mpaka ukaisha. Nikazianika karibu na jiko. Kisha nikatoa chupa ya mafuta niliyotoka nayo nyumbani, nikayayeyusha maana yalikuwa yameganda, nikazipaka pande zote mbili mpaka zikang'aa. Nilifurahi mno. Nilijiona nimemtendea wifi yangu wema ambao sikuwahi kupata nafasi ya kumtendea. Nikazitundika zilipokuwa, na sikumwambia mtu, ili iwe zawadi.

Asubuhi yake jua lilitoka kali. Binti aliniamkia shikamoo, akabeba skii zake uani, akabandika ngozi. Ikaanguka. Akabandika tena, ikaanguka. Akainyanyua akainusa, polepole, kisha akanigeukia. Nikaeleza nilichofanya, huku nikitabasamu bado, mjinga mimi. Baba yake akaanza kusema kwamba si kitu, zitanunuliwa nyingine, naye akamkatisha.

"Ule ulimbo aliupaka mama," akaniambia. "Mara ya mwisho, akiwa keshaanza kuumwa. Ulikuwa na alama za vidole vyake."

Kiswahili chake ni cha baba yake, cha Tanga kabisa, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Akaingia ndani akafunga mlango wa chumba chake.

Nilikaa kwenye ngazi za nje bila glavu. Mdogo wangu akaja kunituliza, nami nikamgeuzia ukali wote. Nilimuuliza mdomo wake una kazi gani ikiwa hawezi kumwambia mgeni kitu gani kisiguswe. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwamba hizo alama za vidole na yeye amezisikia sasa hivi. Miaka miwili wamo nyumba moja, na mtoto hakuwahi kumwambia. Akakaa kando yangu, na hasira yangu ikaisha.

Kwetu mkubwa haombi radhi kwa mtoto. Humpikia kitu akipendacho, mtoto akala, na jambo likawa limekwisha. Nilikwisha kuukumbuka unga wa mchele uliokuwa kwenye mzigo wangu, nikawazia vitumbua. Nikaona haya. Nikaenda mpaka mlangoni kwake nikapiga hodi. Hakuitika, na mimi sikuingia. Nikakaa chini pale pale kwenye mbao, mgongo ukutani.

"Mwanangu, mie nimekosa," nikasema. "Nimekifuta kitu ambacho siwezi kukirudisha. Nisamehe."

Nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Hatimaye alifungua, akakaa sakafuni karibu nami, akauliza nilikuwa nawaza nini nilipokuwa nazipaka. Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka kitu cha mama yake kidumu. Nikamweleza habari za ngoma za babu yake. Nikamsimulia jinsi mama yake alivyojikwaruza vidole kwa nazi na akakataa kuinuka mpaka amalize. Hiyo hakuwahi kuisikia. Alitaka niirudie, nikairudia, na sote wawili tulikuwa tunalia bila kujificha.

Halafu akasema anataka kwenda mlimani. Yule rafiki wa mama yake alijitolea kumpa ngozi zake na kubaki, binti akakataa, maana bila kiongozi wa njia hatuendi popote. Ndipo rafiki akakumbuka kwamba wazee wa kule, kabla ya ngozi hizi za dukani, walizungushia skii kamba. Kamba ninayo, nikasema. Katoni yangu ya dagaa na pilipili ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, nzuri, ya kwetu Pongwe, na kufunga mafundo nimefundishwa na mama yangu. Tulizizungushia mbao zile, mimi na binti, goti kwa goti, na mara hii kila nilichotaka kugusa nilimuuliza kwanza.

Tulichagua mlima mdogo kuliko uliopangwa. Mimi nilivalishwa viatu vipana kama nyungo ambavyo havizami, nikapewa fimbo mbili. Nilipanda nikigombana na mdogo wangu njia nzima, nikimuuliza kama alikosa kabisa nchi yenye ardhi ya kawaida. Yeye alicheka, kila hatua ananingoja. Mbele yetu kamba zilikuwa zinakwaruza theluji, na binti hakuteleza.

Juu kulikuwa na mteremko mweupe usio na alama hata ya ndege. Rafiki aliukagua akasema ni salama. Binti akafungua kamba, akazikunja, akasimama ukingoni. Akasimama sana. Nikamsogelea, nikamshika mkono wa koti.

"Siku zote mama ndiye aliyetangulia," akasema bila kunitazama. "Mie napita kwenye alama zake. Sijawahi kuanza."

Yule rafiki akasema atatangulia yeye. Binti akatikisa kichwa. Mimi ushauri wa skii sina, na sikujifanya ninao. Nilimwambia tu kwamba nitarudi kwa miguu njia tuliyokuja, na akitaka tutarudi pamoja, hakuna aibu wala hakuna atakayemuuliza. Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa naomba akatae.

Alifikiri. Kisha akatoa mkono wake taratibu kwenye mkono wangu, akaenda. Theluji ilimrukia mpaka kiunoni. Katikati alianguka, akazama mwili wote, nikasoma kila dua niliyoijua. Akainuka, akajipangusa, akaendelea akipinda kushoto, akipinda kulia, mpaka akafika chini akawa mdogo kabisa. Akageuka, akainua fimbo yake juu.

"Baba," akaita. "Pita nilipopita mie."

Mdogo wangu, ambaye tangu afiwe sikuwahi kumsikia akilia hata kwenye simu, alijifuta uso kwa glavu. Akashuka na woga wake wote, ndani ya alama za mwanawe, asitoke nje yake hata kidogo.